Kitenzi Kimoja

Kazi yangu ni mkato na nukta.
Wengine wanatunga sheria, mimi nawinda
herufi iliyoruka, nafasi iliyozidi,
chumba cha nyuma, Dodoma, ghorofa ya pili,
feni ikisukuma vumbi lilelile
kona hadi kona.

Usiku ule wakaniletea ibara fupi,
mistari sita, karatasi bado ina joto la mashine.
Wabunge wa viti maalumu:
pale palipokuwa na *watateuliwa na vyama*
pamepigwa mstari, na juu yake
*watachaguliwa na wapiga kura wa mkoa.*
Kitenzi kimoja kimetoka, kimoja kimeingia.
Hakuna aliyepiga meza.
Tulikuwa mimi na chai iliyopoa.

Ila mpiga chapa alikuwa na usingizi.
Kile kitenzi cha zamani alikiandika *watacheuliwa.*
Nikacheka peke yangu, nikashika kalamu nyekundu,
nikasita.

Maana sisi wa Ugogo kucheua tunakujua:
ng'ombe amelala zizini,
anarudisha mdomoni alichokula asubuhi,
anatafuna upya, polepole, macho nusu,
na wewe uliyelima lile bua
huulizwi lina ladha gani.

Shangazi yangu Sechelela alicheuliwa mara tatu.
Mara tatu alidandia lori la zabibu kutoka Hombolo,
faili kwapani, viatu vya kuazima.
Ukumbini wajumbe mia na ushee,
milango ikafungwa,
bahasha zikapita mkono kwa mkono kama sinia la pilau,
jina lake likaingia la pili likatoka la kumi na tisa.
"Nani kanikataa?" aliuliza kila aliporudi.
Wakamwambia, orodha. Orodha ndivyo ilivyokaa.

Sasa Orodha utamkuta wapi?
Ana mlango wa kubisha?
Ana ng'ombe aliyekula mtama wako, mkagombana,
mkapatana kwenye msiba?

Bibi Mbeho, mama yake, ibara hazijui.
Anajua ungo.
Kuchagua, kwake, ni kuinamia uwele mpaka shingo iume,
changarawe huku, punje huku,
na ukizembea, jino ni lako.

Oktoba ikaja na upepo wake wa kuchubua midomo.
Shule ya msingi, darasa la tatu,
ubaoni bado kuna hesabu ya kugawanya ambayo hakuna aliyeifuta.
Bibi akaingia kwenye kituturi, akakawia.
Wakala akakohoa. Msimamizi akaangalia saa.
"Mama, kuna shida?"
"Nachagua," ikajibu sauti nyuma ya boksi,
na foleni nzima ikacheka, ikanyamaza,
ikaendelea kusubiri.

Jioni matokeo yakabandikwa mlangoni kwa gundi ya unga.
Shangazi akasoma kwa kidole, kile chenye wino.
Ameshindwa. Hapahapa kwao ameshindwa,
kwa kura arobaini na moja.
Nilijua atalia, nikatafuta leso.
Lakini alisimama akihesabu kwa midomo,
nyumba kwa nyumba, kama mtu anayepiga hesabu ya mchango wa harusi:
"Kina Ndahani, hao sita, wana neno na mimi tangu kile kisima.
Kwa Chilemu, wanne. Wale wa njia ya bwawani
niliwaahidi mbegu nikasahau.
Kumbe ni watu. Kumbe wana majina."
Akakaza khanga kiunoni.
"Kesho naanza na kina Ndahani."

Bibi Mbeho alikuwa amekaa kwenye kizingiti,
anafuta wino kwa mate, hautoki.

"Mbona mbali huko," akasema.
"Anza na mimi."